Je, wajua mwamba wa Lindi na wa Italia hujulikanaje kuwa ni rika moja?

Hujulikana kwa gamba dogo kama punje ya mchanga. Hantkenina alikuwa foraminifera, kiumbe wa seli moja aliyeelea kwenye bahari za joto. Chini ya hadubini humkosi: kila chumba cha gamba lake kina mwiba. Alitoweka miaka milioni 33.9 iliyopita, na mpaka wa Eosini na Oligosini, vipindi viwili vinavyofuatana katika historia ya dunia, umewekwa pale anapoishia kwenye miamba ya Massignano, Italia. Huko Lindi, kusini mwa Tanzania, anapoishia ndipo penye mpaka uleule.

Gamba lenyewe halina tarehe. Miaka hupimwa kwenye majivu ya volkano na kwenye alama za usumaku wa dunia zilizobaki katika matabaka. Kisukuku, yaani mabaki ya kale kama gamba hili, huipeleka tarehe hiyo hadi mahali pasipo na majivu.

Udongo mzito wa Kilwa na Lindi ni hazina kubwa. Haukuruhusu maji kupenya, kwa hiyo magamba yamebaki maangavu kama kioo, wakati kwingineko mengi yamegeuka meupe na vinyweleo vyake kuzibika.

Sampuli ya udongo huvunjwa vipande vya ukubwa wa harage, hukaushwa kwa joto lisilozidi nyuzi 50, kisha hulowekwa usiku kucha. Ukiwa mgumu, huongezwa haidrojeni peroksaidi kidogo sana. Ikizidi, hula magamba. Tope huoshwa juu ya chekecheo lenye matundu ya mikroni 63 (milimita 0.063) hadi maji yatoke safi. Kabla ya kila sampuli, chekecheo huchovywa kwenye rangi ya methilini buluu. Gamba lililonasa tangu sampuli iliyopita hutoka na rangi ya buluu, nalo hutupwa. Usidharau hatua hii: gamba moja geni laweza kuharibu tarehe nzima.

Hatari nyingine imo ardhini. Mmomonyoko huweza kuyazoa magamba ya kale na kuyazika upya kwenye tope changa. Hayo mara nyingi huwa yamechakaa. Katika visima vya mafuta, vipande vya juu huporomokea chini, ndiyo maana huaminiwa zaidi pale spishi inapokutwa mara ya kwanza kekee ikishuka.

Kumkosa Hantkenina pekee hakutoshi, maana huenda gamba lake liliyeyuka. Huangaliwa pia Turborotalia cerroazulensis, foraminifera mwingine aliyetoweka kabla yake kidogo, na Discoaster saipanensis, nyota ndogo ya chokaa iliyotangulia wote wawili, inayohitaji ukuzaji wa mara 1,000 hivi.