Uchumi na siasa, kipi kinakivuta kingine? Nadharia za kijamii na maelezo yake

Nadharia ya kijamii ni maelezo yaliyopangwa ya kwa nini watu wanaishi pamoja kwa utaratibu fulani na si mwingine. Haiishii kusema kwamba nchi ina bunge, benki na viwanda. Inaeleza vitu hivyo vilitokana na nini, nani ananufaika navyo, ni nini kinachovishikilia visianguke, na ni nini kinachoweza kuvibadilisha. Mfumo wa uchumi ni namna jamii inavyoamua nani amiliki nini, nani afanye kazi gani na nani apate kiasi gani. Mfumo wa siasa ni namna inavyoamua nani atoe amri, na kwa nini wengine wamtii. Vitabu vya shule huviweka katika sura mbili zisizohusiana. Nadharia za kijamii huvirudisha pamoja, na nyingi kati ya zile kubwa zinaweza kusomwa kama majibu ya swali moja: kati ya uchumi na siasa, kipi kinakivuta kingine?

Jibu linalojulikana zaidi ni la Karl Marx, mwanafalsafa wa Kijerumani. Mwaka 1859 aliandika kwamba namna watu wanavyozalisha mahitaji yao ndiyo msingi wa jamii, na kwamba sheria, dola (yaani mamlaka inayotawala nchi) na fikra za watu ni jengo linalosimama juu ya msingi huo. Chini ya ukabaila wa Ulaya, yaani utawala wa mabwana wenye ardhi, mali kuu ilikuwa ardhi, na sheria ilimfunga mkulima kwenye shamba la bwana wake. Kilipokuja kiwanda, sheria hiyo ikawa kikwazo. Mwenye kiwanda alihitaji mtu asiyefungwa popote, aliye huru kuuza nguvu zake kwa yeyote, na asiye na kitu kingine cha kuuza. Kwa maelezo haya, uhuru wa kuingia mkataba haukushuka kutoka vichwani mwa wanafalsafa. Ulikuja kwa sababu uzalishaji mpya uliudai.

Katika kitabu chake cha mwaka 1867 Marx alieleza pia faida inatoka wapi. Mfanyakazi hulipwa kiasi cha kumwezesha kuishi na kurudi kazini kesho, lakini kwa siku nzima huzalisha thamani kubwa kuliko hiyo. Tofauti, ambayo huitwa thamani ya ziada, huenda kwa mwenye mtaji. Ndiyo maana alitumia kurasa nyingi kueleza vita vya Uingereza juu ya urefu wa siku ya kazi, pamoja na sheria ya mwaka 1847 iliyoweka kikomo cha saa 10 kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Kila saa iliyopunguzwa ilikuwa imenyang'anywa upande mmoja.

Hapa wasomaji wengi huteleza. Marx hakudai kwamba mabepari ni watu wenye roho mbaya. Hoja yake ni kali kuliko hiyo: bepari mwenye huruma akiongeza mishahara peke yake, washindani watauza kwa bei ya chini na kumfukuza sokoni. Mfumo humbana hata anayeonekana kuumiliki. Mtu akilibeba jambo hili moja tu kutoka kwa Marx, amebeba kitu cha thamani, kwa sababu linamfundisha kutafuta sababu katika mpangilio wa mambo kabla ya kuzitafuta katika tabia za watu.

Tatizo lilijitokeza mwaka 1917. Mapinduzi ya wafanyakazi ambayo nadharia ya Marx ilitarajia yatokee katika nchi zenye viwanda vingi yalitokea Urusi, nchi ya wakulima. Mwitalia Antonio Gramsci, kiongozi wa wakomunisti aliyekamatwa na utawala wa kifashisti wa Mussolini mwaka 1926, alitumia miaka ya kifungo kuandika juu ya swali hilo: kwa nini wafanyakazi wa Ulaya magharibi hawakuinuka? Jibu lake ni kwamba tabaka linalotawala halitegemei polisi peke yao. Kupitia shule, makanisa na magazeti, hulifanya lile linalolifaa lionekane kuwa ni akili ya kawaida ya kila mtu. Mtawaliwa akishakubali kwamba mambo hayawezi kuwa vingine, rungu halihitajiki kila siku. Kwa Gramsci, basi, fikra haziwi kivuli tu cha uchumi. Ni uwanja wa mapambano wenyewe.

Max Weber, mwanasosholojia wa Kijerumani, alianzia upande mwingine. Katika makala zake za mwaka 1904 na 1905 alidai kwamba imani ya Waprotestanti wa madhehebu fulani, hasa yale yaliyofuata mafundisho ya Calvin, mwanamageuzi wa dini wa karne ya 16, ilijenga tabia ya kufanya kazi kwa nidhamu na kuweka akiba badala ya kutumia, na kwamba tabia hiyo iliusaidia ubepari wa kisasa kuota mizizi. Wanahistoria wameipinga hoja hiyo kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu si ndiyo iliyo bora kati ya alizoacha. Iliyo bora ni ile ya dola na utii. Katika mhadhara aliotoa Munich mwaka 1919, alieleza dola kuwa ni chombo kinachodai, na kufanikiwa kudai, kwamba ndicho pekee chenye haki ya kutumia nguvu ndani ya eneo lake. Haki hiyo hukubalika kwa misingi mitatu: mila, mvuto wa kiongozi anayeaminiwa kuwa na kipaji cha pekee, au sheria inayomfunga hata mkubwa.

Ukiutazama uchumi kwa jicho hilo, mambo mengi hufunguka. Mwenye mtaji hawezi kupiga hesabu za miaka ijayo ikiwa kodi hubadilika kwa hasira ya mtawala, au ikiwa hukumu hutegemea nani anajuana na hakimu. Anahitaji maofisa wanaofuata kanuni na mafaili yanayotunzwa. Ubepari wa kisasa na urasimu, yaani utawala huo wa maofisa na kanuni, kwa Weber ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo sababu mwaka 1918 alionya kwamba kufuta umiliki binafsi hakutamaliza utawala wa mtu juu ya mtu, bali kutaongeza nguvu za maofisa. Historia ya Umoja wa Kisovyeti ilimpa ushahidi mwingi baada ya kifo chake.

Émile Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, aliuliza jambo lililo rahisi zaidi kulitaja: ni nini kinachoifanya jamii isitawanyike? Jibu lake la mwaka 1893 lilikuwa mgawanyo wa kazi. Watu wa zamani walishikamana kwa kufanana. Sisi tunashikamana kwa kutofautiana, kwa kuwa kila mmoja hawezi kuishi bila kazi ya mwenzake. Lakini alisisitiza kwamba mkataba wa biashara hauwezi kusimama wenyewe. Lazima kuwe na imani ya pamoja kwamba ahadi hutimizwa. Udhaifu wa mtazamo huu ni kwamba huiona jamii kama mwili ambao kila kiungo kina kazi yake, na hivyo huwa mzito kuuliza kwa nini kiungo kimoja kinakula kuliko vingine.

Anayestahili kusomwa na watu wengi zaidi ni Karl Polanyi. Kitabu chake cha mwaka 1944 kiligeuza swali lenyewe. Tumezoea kusikia kwamba soko huria ndilo hali ya asili, na serikali huja baadaye kuliingilia. Polanyi alionyesha kwamba Uingereza ilikwenda kinyume cha hapo. Bunge ndilo lililopitisha sheria za kuzungushia uzio ardhi iliyokuwa ikitumiwa kwa pamoja, na bunge ndilo lililobadilisha sheria ya maskini mwaka 1834, ili mwenye nguvu za kufanya kazi asipate msaada ila kwa kuingia katika nyumba za kazi zilizofanywa ngumu makusudi. Kwa hatua hizo ardhi na kazi zikawa bidhaa. Soko la kazi lilijengwa na dola, kwa karatasi na mihuri.

Kisha akaongeza kwamba kazi, ardhi na fedha si bidhaa kwelikweli, kwa sababu hakuna kati yake kilichotengenezwa ili kiuzwe. Kazi ni maisha ya mtu. Ukiviacha viamuliwe na bei peke yake, jamii itaumia, na ikiumia itajikinga: kwa vyama vya wafanyakazi, kwa sheria za viwanda, kwa ushuru wa forodha. Kinga hiyo, alisema, yaweza kuja kwa demokrasia au kwa udikteta. Aliandika akiwa ameshuhudia mdororo ulioanza mwaka 1929 na kupanda kwa ufashisti, na aliyaona mawili hayo kuwa sehemu za kisa kimoja. Msomaji anayeshangaa kwa nini watu waliochoshwa na uchumi humpigia kura kiongozi mkali atapata kwake maelezo yanayoshikika.

Kuna mjadala mwingine unaobaki ndani ya siasa: nani hasa anatawala? Mwaka 1956 C. Wright Mills aliandika kwamba Marekani inaongozwa na kundi dogo la vigogo wa makampuni, jeshi na serikali. Robert Dahl akamjibu mwaka 1961 kwa uchunguzi wa mji wa New Haven, Marekani: makundi tofauti yalishinda katika masuala tofauti, hakuna lililoshinda yote. Steven Lukes, mwaka 1974, aliutoa mjadala hapo ulipokwama. Kutazama nani anashinda kura hakutoshi, alisema. Lazima pia kutazama ni mambo gani hayafikishwi mezani kabisa, na ni matakwa gani watu wamefundishwa kutokuwa nayo.

Nadharia zote hizo zilichukua nchi moja moja. Walt Rostow alipochapisha hatua zake tano za ukuaji mwaka 1960, alidhani kila nchi hupanda ngazi ileile kwa wakati wake. Raúl Prebisch wa Argentina alikuwa ameshaonyesha jambo jingine: nchi zinazouza mazao ghafi huona bei zake zikishuka, kwa muda mrefu, zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani wanazonunua. Kutoka hapo ikazaliwa nadharia ya utegemezi, inayosema kwamba nchi maskini hubaki maskini kwa namna zilivyofungwa kwenye uchumi wa nchi tajiri. Walter Rodney, mwaka 1972, alieleza umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya kuwa ni historia moja, ya utumwa na ukoloni. Immanuel Wallerstein, mwaka 1974, aliuona ulimwengu mzima kuwa mfumo mmoja wenye kitovu, yaani nchi tajiri, na pembezoni, yaani nchi maskini. Hoja hizi zina uzito mkubwa, lakini zinapata shida mbele ya Korea Kusini, iliyotoka kwenye umaskini hadi kuwa nchi ya viwanda ndani ya mfumo huohuo. Huko dola lilikuwa na nguvu ya kuwaamuru wenye mitaji, na mashamba ya makabaila yalikuwa yamegawanywa mapema. Siasa ya ndani haiwezi kufutwa.

Wananadharia wa kike nao walionyesha kitu ambacho karibu wote waliotajwa juu walikipita. Kabla mfanyakazi hajafika kiwandani, mtu amempikia, amemfulia na amemlea tangu utoto, na kazi hiyo haimo katika pato la taifa. Tarehe 24 Oktoba 1975, takriban asilimia 90 ya wanawake wa Iceland waliacha kazi zote, za ofisini na za nyumbani, na shughuli za nchi zikakwama. Hakuna hoja ya darasani ingeeleza vizuri zaidi.

Je, lazima uchague kati ya soko na dola? Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alisema hapana. Wengi waliamini kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mfugaji ataongeza mifugo. Yeye alichunguza mahali ambapo hayakuharibika. Katika kijiji cha Törbel, Uswisi, kanuni ya mwaka 1517 ilimkataza mtu kupeleka mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Iliweza kudumu kwa sababu watumiaji waliitunga wenyewe, walichungana, na waliwatoza faini waliokiuka. Mipaka ya hoja yake iko wazi: watumiaji wajulikane, rasilimali iwe na ukomo unaoonekana, na serikali ya juu isiwanyang'anye haki ya kujipangia. Kwa hewa ya dunia nzima masharti hayo hayatimii. Kwa hiyo katika miaka yake ya mwisho alitetea juhudi za ngazi nyingi kwa pamoja, kuanzia mji hadi mkataba wa kimataifa, bila kusubiri moja ikamilike ndipo nyingine ianze.