Kidani cha bandia: tunavyokosea kusoma ishara katika "La Parure"

Hadithi fupi ya Guy de Maupassant, "La Parure", ilitoka gazetini Paris mwaka 1884. Mathilde Loisel, mke wa karani wa wizara ya elimu, anaazima kidani cha almasi kwa Bi Forestier ili akipendezee dhifani. Kinapotea. Mume na mke wananunua kingine kinachofanana, wanatumikia deni miaka 10, kisha Mathilde anaambiwa kile cha kwanza kilikuwa bandia. Zifuatazo ni dhana nne potofu za wanafunzi kuhusu ishara za hadithi hii, yaani vitu vinavyobeba maana zaidi ya umbo lao, na jibu la kila moja.

Dhana: Kidani ni ishara ya tamaa, basi.

Kwenye insha jibu hilo hupewa alama moja tu, na ni haki yake. Fuata bei uone. Mume anashauri mawaridi mawili matatu ya faranga 10. Mke anakataa, ataonekana fukara mbele ya matajiri. Gauni limeshakula faranga 400. Kidani cha kuazima hakizidi 500. Cha kulipia ni 36,000, yaani angalau mara 72. Waridi, ambalo ni halisi, linadharauliwa kwa urahisi wake. Kidani cha bandia kinatukuzwa kwa sababu kimetoka kwenye nyumba ya kitajiri. Tena dhifani kinafanya kazi yote ya almasi: wanaume wote wanamtazama Mathilde, waziri pia, na hakuna anayeshtuka. Kwa hiyo kidani kinabeba tamaa ya mtu mmoja pamoja na upofu wa ukumbi mzima.

Dhana: Ishara ni kile kitu kikubwa kilichobeba jina la hadithi.

Kuna pia kisanduku cha kidani. Wakitafuta kidani cha kufanana, wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limo kisandukuni. Anapekua vitabu vyake na kujibu kwamba hakuuza kidani hicho. Huenda alitoa kisanduku tu. Ganda la duka la heshima, ndani kitu cha kwingine: siri yote imetajwa hapo, kurasa kadhaa kabla ya mwisho, na wengi hupita bila kusimama. Baadaye Bi Forestier anapokea kidani kipya wala hafungui kisanduku. Angefungua, labda hadithi ingekatika palepale.

Au lile gari la farasi la kuwarudisha nyumbani: chakavu, la aina inayoonekana usiku tu, kana kwamba mchana linaona haya.

Dhana: Kila rangi ina maana yake maalumu, nyeusi ni kifo.

Kisanduku ni cha satini nyeusi na hakuna anayekufa. Kitambaa cheusi hukoleza mng'aro wa vito. Hapa weusi unasaidia kudanganya jicho.

Dhana: Kila kitu kilichotajwa ni ishara.

Zile faranga 400 mume alikuwa amejiwekea anunue bunduki ya kuwindia ndege. Mwanafunzi akiona bunduki huandika "vita". Uliza maswali matatu: Je, kitu kinarudi, au kimewekwa sambamba na kingine? Kinabadili uamuzi wa mhusika? Ukikiondoa, nini kinapwaya? Bunduki inatuonyesha mume anajinyima nini, inaishia hapo. Kisanduku kinarudi mara tatu, na kila mara kuna mtu anayeamini ganda lake.

Kwenye insha, anza na tukio lenyewe, useme kitu kinafanya nini pale, ndipo utaje maana. Anayetanguliza maana huishia kulazimisha matukio yaifuate.