Barua ya mpangaji aliyehama

"Wakili, samahani, barua za yule aliyekuwa akikaa humu kabla yangu bado zinakuja. Mimi nazifungua nione kama kuna la maana, halafu nazitupa. Kuna shida?"

Kati ya maswali ninayoletewa na Waswahili wenzangu hapa Marekani, hilo halikosekani. Anayeuliza huwa mtu mwema kabisa, hajawahi kuiba hata kijiko. Lakini ndiyo, shida ipo. Barua kukufikia kwa bahati mbaya si kosa lako. Kosa linaanza unapoifungua ili uchungulie mambo ya mwenzio au unapoizuia makusudi isimfikie. Kifungu cha 1702, katika juzuu la 18 la sheria za shirikisho, kinailinda barua mpaka ifike kwa yule aliyeandikiwa. Kutumbukizwa kwenye kisanduku chako hakujaifanya yako.

Wizi wenyewe uko kifungu cha 1708: kifungo hadi miaka 5, na faini inayoweza kufika dola 250,000. Anayeshikwa si yule tu aliyetia mkono kwenye sanduku au kwenye mkoba wa tarishi wa posta. Aliyenunua, aliyeficha, au aliyekutwa nayo huku akijua ni ya wizi, naye yumo. Na kosa halipimwi kwa thamani: bahasha ya matangazo ya duka na bahasha ya hundi ya mshahara zote ni barua. Hesabu za dola, na za idadi ya watu walioibiwa, huja baadaye, jaji anapopanga adhabu.

Wageni huona ukali huu umezidi. Mwaka 1792 Bunge la Marekani liliweka adhabu ya kifo kwa mfanyakazi wa posta aliyeiba barua zenye mali, kwa hiyo miaka 5 ni nafuu! Na kwetu pia si mzaha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inampa mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 3, lakini kilichoibwa kikiwa ni kitu cha posta, kifungo kinapanda hadi miaka 10. Tofauti ni kwamba huko nyumbani barua hukaa ndani ya S.L.P. yenye kufuli, wakati hapa imeachwa mlangoni.

Wanaoniumiza roho ni vijana. Siku hizi kinachowindwa zaidi ni hundi. Huibwa sandukuni, wino ukafutwa kwa asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha, kisha likaandikwa jina jipya na kiasi kipya. Wenyewe wanaita kuifua hundi. Aliyeifua haiweki kwenye akaunti yake. Anamtafuta kijana wa chuo: "Niazime akaunti yako, nitakukatia kidogo." Benki ikigundua, jina lililopo ni la kijana. Ulaghai wa benki unafika miaka 30, na akithibitika kutumia utambulisho wa mtu mwingine katika ulaghai huo, inaongezwa miaka 2 inayotumikiwa baada ya kifungo kingine, si sambamba nacho.

Kwa asiye raia, jela huenda ikawa ndiyo sehemu nyepesi. Sheria ya uhamiaji inauhesabu wizi, pamoja na kupokea mali ya wizi, kuwa kosa zito la kumfukuzisha mtu nchini ikiwa adhabu iliyotamkwa ni mwaka 1 au zaidi. Hata kifungo kilichoahirishwa kinahesabiwa, na kadi ya ukaazi wa kudumu haimkingi mtu. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, yaani ya shirikisho inayosikiliza rufaa za majimbo ya magharibi, iliamua kwamba kupatikana na barua za wizi chini ya kifungu hicho cha 1708 kunaingia humo. Ndiyo maana nasema usikubali kukiri kosa kabla wakili wako hajazungumza na anayejua uhamiaji.

Vifurushi vinavyoletwa na kampuni binafsi haviko chini ya 1708, ila msishangilie. Texas, walipo ndugu zetu wengi, ilitunga sheria yake mwaka 2019 inayovijumuisha, na ngazi ya kosa inapanda kwa idadi ya wenye mali: wakifika 10 unaingia kwenye makosa makubwa, wakifika 30 unapanda tena.

Sasa zile barua za mpangaji wako. Usizifungue, usizichane. Andika juu ya bahasha, kwa Kiingereza, kwamba huyo mtu haishi hapo, mrudishie tarishi. Na kama ni zako zinazopotea, hasa unaposubiri kibali cha kazi kutoka uhamiaji, jiandikishe Informed Delivery ya posta. Ni bure, na kila asubuhi utatumiwa picha za bahasha zinazokuja. Ukiona bahasha kwenye picha na sandukuni haimo, piga ripoti kwa wakaguzi wa posta, Postal Inspection Service, siku hiyo hiyo, na picha uitunze.