Mionzi Kazini Wakati wa Ujauzito na Kunyonyesha: Maswali na Majibu

Nafanya kazi katika chumba cha eksirei na nimegundua kuwa nina mimba ya wiki sita. Je, nimekwisha kumdhuru mtoto?

Kwa kazi ya kawaida ya eksirei, ambapo mhudumu husimama nyuma ya ukuta wa kinga, jibu karibu daima ni hapana. Madhara kama kasoro za viungo au kudumaa kwa ubongo hayatarajiwi iwapo dozi iliyomfikia mtoto tumboni iko chini ya miligrei 100 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa mwilini), na kiasi hicho ni kikubwa mno kuliko anachopata mhudumu huyo kwa mwaka mzima. Hatari ya saratani haiwezi kusemwa kuwa ni sifuri, lakini kwa dozi ndogo hivyo ni ndogo sana. Kwa kulinganisha, kila binadamu hupokea wastani wa takribani milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula (milisiverti hupima athari ya mionzi mwilini; kwa eksirei, milisiverti 1 ni karibu sawa na miligrei 1). Omba kumbukumbu za kipima dozi chako, yaani kile kifaa kidogo unachovaa kupima mionzi inayokufikia, za miezi iliyopita uzisome pamoja na msimamizi wa usalama wa mionzi.

Je, nimwambie mwajiri mapema, au nisubiri mpaka tumbo lionekane?

Mwambie mapema, tena kwa maandishi. Ninalisisitiza hili kuliko jingine lolote, kwa sababu kinga maalumu ya mtoto huanza pale mwajiri anapojua. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inapendekeza kwamba, tangu mama atoe taarifa, dozi ya ziada kwa mtoto isizidi takribani milisiverti 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki, ilhali mfanyakazi mwingine anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka. Nchini Marekani kikomo ni milisiverti 5 kwa mimba nzima. Ubongo wa mtoto huathirika kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya 8 na ya 15, kwa hiyo anayeficha mpaka tumbo lionekane huwa amekwisha kuvuka kipindi hicho bila kinga hiyo. Wengi hunyamaza kwa kuhofia kuachishwa kazi, na hofu hiyo ninaielewa. Lakini viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki vinatamka wazi kwamba taarifa ya ujauzito si sababu ya kumwondoa mwanamke kazini, bali mwajiri ndiye anayetakiwa kurekebisha mazingira ya kazi.

Marekebisho hayo ni yapi?

Mara nyingi ni madogo. Kipima dozi kinachovaliwa kwenye ukosi, juu ya aproni ya risasi (vazi lenye madini ya risasi linalozuia mionzi), hakielezi kinachomfikia mtoto. Kwa hiyo huongezwa cha pili, kinachovaliwa kiunoni chini ya aproni na kusomwa kila mwezi. Katika chumba cha upasuaji unaoongozwa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo, mionzi mingi inayomfikia mhudumu hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, na ukisogea kutoka mita 1 hadi mita 2 hupungua hadi takribani robo. Chunga pia mgongo: aproni nyingi hufunika mbele tu, na mhudumu anayegeuka kuchukua kifaa mezani huwa ameiacha kinga upande usiofaa.

Ninanyonyesha. Je, eksirei huingia katika maziwa?

Hapana. Mionzi ya eksirei haibaki mwilini mashine inapozimwa, na maziwa hayabadiliki.

Hali ni tofauti kabisa kwa anayeshika dawa zenye mionzi katika tiba ya nyuklia, kwa kuwa hapo hatari ni dutu yenyewe kuvutwa kwa pumzi, kumezwa au kupenya kwenye ngozi. Iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, huingia katika maziwa na kujikusanya katika tezi ya thairoidi, iliyo shingoni mwa mtoto; hata mtoto aliye tumboni, tezi yake huanza kufyonza iodini kuanzia karibu wiki ya 10 hadi ya 12. Kwa hiyo mama anayenyonyesha atoe taarifa vilevile kama mjamzito, na ahamishwe kutoka kazi zinazoweza kuingiza dutu hizo mwilini.

Nikiombwa kumshika mtoto mgonjwa atulie wakati wa picha?

Kataa kwa upole. Kazi hiyo apewe ndugu wa mgonjwa asiye na mimba, avishwe aproni na aelekezwe mahali pa kusimama, nawe urudi nyuma ya ukuta wa kinga kabla kitufe hakijabonyezwa.