Kumpiga picha anayeruka: dhana tunazozirudia na ukweli wake

Msimu wa mahafali Dodoma utawaona vijana wenye majoho wamejipanga, wanahesabu moja, mbili, tatu, kisha wanaruka wote kwa pamoja huku mpiga picha akibonyeza. Picha ikitazamwa, nyayo zimeshagusa ardhi na magoti yamekunjika. Kinachofuata ni lawama: "Kamera yako haina kasi."

Kamera inaonewa. Mtu anayepaa nusu mita hukaa hewani takriban sekunde 0.64, nusu ya kupanda na nusu ya kushuka. Kwa kawaida, tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze hupita kama sekunde 0.2. Ukingoja umwone yuko juu kabisa ndipo ubonyeze, atakuwa ameshashuka sentimita 20 hivi, na bado hujahesabu muda ambao kamera yenyewe inauchukua kabla shata, mlango wake wa kupitishia mwanga, haijafunguka. Bonyeza pale unapoona nyayo zinaachana na ardhi. Ucheleweshaji wa kidole na wa kamera ukijumlishwa, picha itaangukia karibu kabisa na kilele.

Kilele chenyewe kinakusaidia zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Nusu ya muda wote wa kuwa hewani, mrukaji yumo ndani ya robo ya juu ya mruko wake, yaani zile sentimita 12 za mwisho. Hapo kupanda kunaishia na kushuka hakujashika kasi, kwa hiyo shata ya 1/500 ya sekunde inatosha kwa kiwiliwili. Ndiyo maana morani wa Kimaasai anayepaa wima ni rahisi kumpata kuliko mtoto anayekatiza mbele yako mbio. Usain Bolt, alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu ilipita mita 12 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/250 mtu wa kasi hiyo anasogea karibu sentimita 5 ndani ya picha moja; kwa 1/1000 anasogea kama sentimita moja. Mikono na miguu ya mkimbiaji huenda kasi kuliko kifua, kwa hiyo kwenye Uwanja wa Jamhuri usishuke chini ya 1/1000 kama unataka vidole vionekane.

Wapo wanaosema hesabu hizo hazina haja, washa tu picha za mfululizo. Mfululizo unasaidia, lakini hauzibi pengo. Picha kumi kwa sekunde maana yake ni kwamba kati ya picha na picha kuna sehemu ya kumi ya sekunde, na mtu anayekimbia mita 6 kwa sekunde ameshapita sentimita 60. Tukio lenyewe linaweza kuzama humo. Mimi huutumia mfululizo baada ya kuchagua mwanzo wake. Kuuachia tangu mapema hujaza kadi tu.

Dhana nyingine ni ya zamani: kwamba jicho limeshauona mwendo, kazi ya kamera ni kuthibitisha. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa amenyoosha miguu miwili mbele na miwili nyuma, wakiamini ndivyo anavyoelea. Mwaka 1878, Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 pembeni mwa njia, na picha zikaonyesha kuwa farasi huachana kabisa na ardhi pale miguu yote minne imekusanyika chini ya tumbo. Kwa hiyo ukiwa kwenye hifadhi ya Swagaswaga au Ruaha, na swala pala akatoka mbio, usisubiri pozi lile la kwenye mabango. Piga na wakati amekunja miguu. Mnyama huyu anaweza kuruka karibu mita 3 kwenda juu na zaidi ya mita 10 kwenda mbele, na uzuri wa mruko wake upo mahali kadhaa.

Nije kwa buibui mrukaji, maana huyu ndiye anayeonewa kuliko wote. "Atakurukia usoni, ana sumu." Sumu anayo, kama karibu buibui wote, ya kuulia wadudu, kwa mtu si kitu cha kuhofia. Unayemdhania kuwa anajiandaa kukushambulia anakutazama tu. Ana macho manane, na yale mawili makubwa ya mbele yanaona kwa umakini wa ajabu kwa mwili ulio chini ya sentimita moja. Msogelee kwenye jani la mzabibu, kivulini, na umwangalie kwenye kioo cha kamera: anageuza mwili mzima kukuelekea, halafu weusi ndani ya jicho unahama polepole huku jicho lenyewe limetulia. Ni retina, utando unaopokea mwanga, inayosogea ndani, nyuma ya lenzi isiyosogea. Macho ya pembeni yanaona karibu pande zote, kwa hiyo kumnyatia kwa nyuma ni kujisumbua. Nenda mbele yake, taratibu, usimtupie kivuli ghafla.

"Ana misuli mikubwa ya miguu kama panzi." Mwangalie miguu: ya nyuma haina mapaja manene kama ya panzi. Buibui hawana misuli ya kunyoosha katika viungo viwili vikuu vya mguu. Hunyoosha kwa kusukuma majimaji ya mwili kuingia miguuni. Wala haruki mara hamsini ya urefu wake kwa kusimama tu, kama inavyorudiwa kila mahali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2018, walimpima mmoja wa spishi ya Phidippus regius na kupata hadi mara sita hivi ya urefu wa mwili. Binadamu akiruka bila kukimbia hufika kama mara moja na nusu.

Kwa mpiga picha, faida ya kujua haya ni kwamba buibui anatoa taarifa. Kabla ya kuruka analenga kwa macho ya mbele, anagusisha ncha ya tumbo mahali aliposimama ili kubandika uzi wa usalama, na mara nyingi anainua miguu ya mbele. Tumbo likigusa, kidole kiwe tayari. Mpe vijiti viwili vilivyoachana sentimita chache na wewe ukae ubavuni, ili njia yake ipite sambamba na kamera. Hilo ni la lazima, kwa sababu ukipiga kwa ukubwa wake halisi (taswira ndani ya kamera ilingane na mwili wake) kwa f/11, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, sehemu inayoonekana kali ina unene wa milimita moja na kidogo tu. Zima fokasi ya otomatiki, weka fokasi kati ya vijiti, na urudi nyuma kidogo ili picha iwe na nafasi ya mruko wote, uzi ukiwemo.

Kuhusu flashi, karibu kila mtu anaamini kuwa ikiongezwa nguvu ndipo inapogandisha mwendo zaidi. Ni kinyume. Flashi ya kawaida ya juu ya kamera, ikiachiwa nguvu zote, huwaka kwa muda mrefu, mara nyingi karibu 1/1000 ya sekunde au zaidi. Ukiishusha hadi 1/16 au 1/32 ya nguvu zake inazimwa mapema, na muda wake unaweza kufupika hadi 1/10,000 au hata chini ya hapo. Kivulini, shata ikiwa 1/200, mwanga wa flashi peke yake ndio unaochora picha, na kamera kuukuu inafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Juani haiwezekani hivyo, kwa sababu jua nalo linachora, unapata buibui mwenye kivuli cha pili. Isogeze flashi karibu kufidia nguvu uliyopunguza na uifunike kwa plastiki nyeupe.

Kuna ushauri unaosambazwa sana wa kumweka mdudu kwenye friji ili atulie. Naukataa moja kwa moja. Unamtesa kiumbe, na picha yenyewe haipatikani: aliyepoa haruki, hageuki kukutazama, anajikunyata tu. Asubuhi ya saa mbili, kabla jua la Dodoma halijakaza, utawakuta wametulia wenyewe kwenye majani na kuta za mawe.

Imebaki imani kwamba picha ya mwendo ni lazima iwe kali pembe hadi pembe. Bodaboda aliyepigwa kwa 1/2000 anaonekana ameegesha, spoku zinahesabika. Shusha hadi 1/40, mfuate kwa kuzungusha kiuno kabla hajakufikia na uendelee baada ya kubonyeza. Yeye atatulia, maduka nyuma yake yatageuka michirizi. Akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme, ngoma wameibana kati ya mapaja, nawapenda kwa 1/60: uso unasomeka, mikono inayoyoma. Jioni kwa simu usitumie hali ya usiku, kwa sababu inaunganisha picha kadhaa na mchezaji anatoka na mabega manne.