Sumaku ya tabaka moja na mabonde mawili ya elektroni

Saketi za kawaida husoma 0 na 1 kwa kuangalia kama chaji ipo au haipo. Sisi tunaohangaika na mabonde tunataka elektroni ibebe habari kwa bonde ililomo. Bonde lenyewe si shimo ndani ya fuwele. Ukichora nishati ya elektroni dhidi ya momenta yake, mstari hushuka sehemu mbili, K na K′, na elektroni hupenda kutulia humo chini.

Nusukipitishi ninachokipenda kwa kazi hii ni WSe2 ya tabaka moja: tangisteni katikati, seleni juu na chini, unene usiofika nanomita 1. Mwanga ambao uga wake wa umeme unazunguka kulia husisimua bonde moja; ukizunguka kushoto, la pili. Ubaya ni kwamba mabonde hayo yana nishati sawasawa, na ni sumaku inayoweza kuyaachanisha. Sumaku ya nje huyaachanisha kidogo mno: takriban meV 0.2 (milielektronivolti, kipimo cha nishati) kwa kila tesla moja (kipimo cha nguvu ya ugasumaku), na mashine nyingi za MRI hospitalini ni tesla 1.5 au 3. Piga hesabu mwenyewe.

Mwaka 2017 makundi ya Xiaodong Xu wa Chuo Kikuu cha Washington na Pablo Jarillo-Herrero wa MIT yalionyesha kwamba CrI3, fuwele ya kromi na iodini, hubaki sumaku hata ikiwa tabaka moja. Mwaka huohuo WSe2 ikabandikwa kwenye CrI3, na mabonde yakaachana kwa karibu meV 3.5, kana kwamba kuna ugasumaku wa tesla 13. Kinachofanya kazi hapo ni elektroni za pande mbili kuingiliana pale zinapogusana, kwa hiyo uchafu kidogo tu katikati unaharibu kila kitu. Ukigeuza sumaku ya CrI3, bonde lililokuwa juu linakuwa chini.

Sasa kero. CrI3 ya tabaka moja huacha kuwa sumaku ikipita kelvini 45, yaani nyuzi -228 za Selsiasi. Unyevu wa hewa huila ndani ya dakika chache: chini ya hadubini unaona kingo zikitoa vitone, na taa ya hadubini yenyewe huchochea. Ndiyo maana tunaipanga ndani ya kisanduku chenye gesi ya argoni, kisha tunaifunika kwa boroni nitridi.

Tangu 2016 wananadharia wanatabiri nusukipitishi chenye sumaku yake chenyewe, VSe2 (vanadi na seleni) kikiwemo, kisichohitaji jirani. Nikipata makala ya namna hiyo, kwanza natafuta halijoto ambapo sumaku inakufa, kisha kama nyenzo inavumilia hewa. Ukubwa wa mtengano wa mabonde nausoma baadaye.