Samaki malaika wakipigana, si njaa

Jozi mbili za samaki malaika, samaki wa mapambo, zikianza kuraruana mapezi ndani ya tangi moja, wengi hudhani ni njaa na kuzidisha chakula. Kitachafua maji tu. Hawa wa maji yasiyo na chumvi, wenyeji wa bonde la Amazon, ni jamaa wa sato na perege, wanagombea eneo. Ukiona dume na jike wanasugua jani au kigae kwa midomo, wanaandaa pa kutagia. Kuanzia hapo anayekatiza hufukuzwa mpaka ajibanze nyuma ya hita ya kupasha maji. Mimea husaidia kidogo, ila dawa ni kila jozi tangi lake. Na usiwaozeshe kwa nguvu, maana nao hupigana: kuza wachanga sita pamoja, wachaguane wenyewe.